Walilishwa mara tatu kwa siku, mbona waliugua macho?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na sehemu ya kazi yangu ni kukagua makao ya watoto. Kwenye mafunzo tuliambiwa kwamba shule zetu za maadilisho zina asili yake kwenye shule za kazi za Waingereza za karne ya 19. Mwezeshaji akasema watoto wa kule walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao waliobaki mitaani, kwa sababu walikula mara tatu kwa siku. Lakini kila nikisoma zaidi nakutana na habari za macho kuharibika, mapunye na kipindupindu. Kipi ni kweli? Na je, kuna lolote humo la kunisaidia kwenye ukaguzi wangu?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Yote mawili ni kweli, na ugumu wa swali lako uko hapo hapo. Mtoto aliyeokotwa kwenye baridi ya Aberdeen au London akapelekwa shule ya kazi alipata uji wa moto, kitanda na nguo kavu, vitu ambavyo wiki moja kabla hakuwa navyo. Mtoto huyo huyo, miezi michache baadaye, angeweza kuwa na kope zilizoota vipele kwa ndani, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya mapunye, na alama za fimbo mgongoni. Shibe ilikuwepo na maradhi yalikuwepo, ndani ya nyumba moja, na ukijua yalikaaje pamoja utakuwa umejua karibu yote ninayotaka kukuambia.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Hizi hazikuwa shule za viwandani, ingawa zimewahi kutafsiriwa hivyo. Neno la Kiingereza walilotumia, "industrial", lina maana ya kiwanda na pia maana ya bidii ya kazi, na hapa ilikusudiwa hiyo ya pili: mahali pa kumzoesha mtoto kazi ili asiombe wala asiibe. Tena jina hilo lilibebwa na shule za aina mbili. Kulikuwa na zile zilizopewa cheti na serikali kwa ajili ya watoto waliokutwa wakiombaomba, wakizurura au wakiwa hawana pa kukaa. Halafu kulikuwa na shule kubwa za bweni za watoto wa mafukara waliokuwa chini ya sheria ya maskini, yaani waliotunzwa kwa fedha za umma, kama ile ya Swinton karibu na Manchester na ya Kirkdale kule Liverpool. Sheria zake zilikuwa mbalimbali, lakini kwa upande wa afya zilifanana mno: watoto wengi, mabweni makubwa, malipo kwa hesabu ya vichwa. Nitachukua mifano kutoka pande zote mbili na nitakuambia upi ni upi.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri, na nataka uuone kwa karibu. Mwaka 1841 hakimu mmoja wa Aberdeen, Scotland, William Watson, alikuwa amechoka kupeleka gerezani watoto ambao kosa lao la msingi lilikuwa njaa. Akafungua shule ya wavulana yenye saa nne za masomo, saa tano za kazi nyepesi kama kusuka nyavu, na milo mitatu. Mwaka 1843 ikafuata ya wasichana. Jioni kila mtoto alirudi kwao kulala. Kama hakuja asubuhi, hakula. Hakukuwa na hati ya mahakama wala ukuta, chambo kilikuwa sufuria.

Tarehe 19 Mei 1845 walikwenda mbali zaidi. Polisi waliambiwa wamlete kila mtoto watakayemkuta anaomba barabarani. Siku hiyo walikusanywa 75, na kati yao wanne tu ndio walioweza kusoma. Waliokuwepo walieleza kwamba asubuhi ile palikuwa hapakaliki: watoto walipigana, wakatukana matusi ya nguoni, wakagoma kuogeshwa. Wakaogeshwa hivyo hivyo, wakalishwa, wakafundishwa kidogo, wakalishwa tena. Jioni wakaambiwa: kesho mje au msije, hiari ni yenu, ila kuomba barabarani hakutavumiliwa tena. Kesho yake wengi wao walirudi wenyewe.

Mimi nimesoma habari nyingi za shule hizi kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo ninayoirudia kila mara. Si kwa sababu Watson alikuwa mpole, maana kutuma polisi kukamata watoto si upole. Ni kwa sababu ya jambo lililotokea kila jioni. Mtoto alikwenda nyumbani. Chakula kilimfikia, lakini hakulala akivuta pumzi za watoto wengine mia kwenye chumba kimoja. Na kila usiku kulikuwa na mtu mzima asiyelipwa na shule, awe mama, shangazi au bibi, aliyeweza kumwona mgongo na macho.

Sheria zilizofuata ziliondoa hilo. Scotland ilipata sheria yake mwaka 1854, England mwaka 1857, ya mwaka 1866 ikazipanga upya zote, na Ireland ikaingia mwaka 1868. Chini ya sheria ya 1866, mtoto aliyeonekana kuwa chini ya miaka 14 akikutwa anaomba, anazurura bila makazi, ni yatima asiye na kitu, mzazi wake yuko gerezani, au anafuatana na wezi, mahakimu waliweza kumpeleka shule ya kazi na kumweka huko mpaka afikishe miaka 16. Hesabu mwenyewe: mtoto wa miaka minane, kosa lake kuomba mkate, miaka minane ndani. Mzazi aliweza kuamriwa kuchangia hadi shilingi 5 kwa wiki, fedha ambayo mtu wa hali hiyo aliitafuta kwa jasho la damu. Serikali nayo ililipa ruzuku kwa kila kichwa. Nyumba zenyewe ziliendeshwa na kamati za hisani, makanisa, mashirika ya watawa na, baadaye, bodi za shule za miji.

Kwa hiyo je, walikula vizuri kuliko watoto wa mitaani? Kwa kiasi na kwa uhakika, ndiyo. Mkate, uji wa shayiri, supu, viazi, nyama siku kadhaa za wiki. Kilichopungua kwa kawaida ni maziwa, mafuta na vitu vibichi, na mtoto anayekua anavihitaji hivyo kuliko mkate. Chakula kilikuwa kile kile wiki nenda wiki rudi. Kwa aliyekuwa akilala na njaa, hayo hayakuwa malalamiko ya siku ya kwanza. Yalikuwa malalamiko ya mwaka wa tatu.

Hapa utakutana na takwimu moja maarufu, na nakuomba uishike kwa uangalifu. Mwaka 1883 kamati ya wanasayansi wa Uingereza iliyokuwa ikipima miili ya watu ilitoa taarifa kwamba wavulana wa miaka 11 hadi 12 wa shule za kazi walikuwa wafupi kwa takriban inchi 5 kuliko wenzao waliosoma shule za matajiri. Inchi 5 ni karibu sentimita 13. Wengi hukimbilia kusema: tazama, shule ziliwadumaza. Lakini mtoto hadumai kwa mwaka mmoja. Ufupi ule ulianzia tumboni mwa mama aliyekula viazi na chai, ukaendelea kwenye vyumba vya chini vya London na Glasgow. Walifika shule wakiwa tayari wafupi, wengi wakiwa na matege na tezi za shingo zilizovimba kwa kifua kikuu. Swali la haki ni kama shule iliwarudishia walichopoteza, na jibu ni kwamba mara chache sana.

Takwimu za vifo nazo zina mtego wake. Shule nyingi zenye cheti ziliripoti vifo vichache, na maofisa walijivunia. Lakini wasimamizi wa shule walikuwa na haki ya kukataa kumpokea mtoto, na aliyeonekana dhaifu alikataliwa. Aliyeugua sana akiwa ndani aliweza kutolewa. Kwenye taarifa za mwaka za wakaguzi, waliotolewa kwa ajili ya maradhi waliwekwa mbali na waliofariki. Mtoto akikohoa damu mwezi wa tatu, akatolewa wa nne, akafia kwa mama yake wa sita, hesabu ya shule inabaki safi. Nikikutana na shule isiyo na vifo, siku hizi jicho langu huenda kwanza kwa waliotolewa.

Sasa twende kwenye macho, maana ndiko ulikouliza kwa uchungu zaidi.

Ugonjwa wenyewe watu wa Dodoma na Kongwa hawahitaji kuelezwa. Ni vikope, au trakoma kwa jina la hospitali. Watoto wa shule kubwa za mafukara za London waliugua huo pamoja na maambukizi mengine ya macho, kiasi kwamba madaktari wa wakati ule waliyaita yote kwa jina moja. Mtoto mmoja ana tongotongo. Asubuhi ananawa. Maji yale yale ananawa mwenzake, na mwenzake, na taulo lililotundikwa kwenye roli ukutani linapita usoni mwa bweni zima. Kufikia saa mbili asubuhi taulo limefanya kazi ambayo nzi wangeifanya kwa wiki nzima. Ndani ya kope vinaota vipele kama sagu. Mtoto akiambukizwa mara moja anaweza kupona. Akiambukizwa tena na tena, kope linaingia makovu, linajikunja, nywele zake zinageukia ndani na kukwangua mboni kila anapopepesa. Hapo ndipo upofu unapoanzia, polepole, pengine miaka mingi baada ya shule.

Tiba yao ilikuwa kugeuza kope na kulisugua kwa jiwe la mrututu. Ndiyo, mrututu huu huu unaoujua. Ilifanyika mara kwa mara, mtoto akiwa ameshikwa kichwa. Na baada ya kusuguliwa alirudi kwenye taulo.

Shule iliyovuma kwa balaa hili ni ile ya Hanwell, magharibi mwa London, shule ya mafukara iliyofunguliwa miaka ya 1850. Daktari wa macho Edward Nettleship alipokagua shule za mafukara za London miaka ya 1870, alikuta kope zenye ugonjwa si jambo la watoto wachache bali ndiyo hali ya kawaida. Watu walijua sababu. Hilo ndilo linaloniuma mimi mpaka leo, kwa sababu vijidudu hawakuwa wamevijua bado, lakini taulo walilijua. Madaktari waliandika mapema kabisa: kila mtoto awe na taulo lake, anawe maji yanayotiririka, wagonjwa watengwe, mabweni yapunguzwe. Taulo moja moja ni gharama, na mabomba ni gharama, na kumtenga mgonjwa kunahitaji chumba. Miaka ikapita. Mwaka 1897 ndipo watoto wa mafukara wa London wenye maradhi ya macho na mapunye walipokabidhiwa kwa bodi iliyoendesha hospitali za magonjwa ya kuambukiza jijini, ili wawekwe mahali pao.

Kuhusu mapunye, yuko shahidi mmoja ambaye dunia nzima inamjua. Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa sinema, aliingia Hanwell mwaka 1896 akiwa na miaka saba, mama yake akiwa amezidiwa na umaskini. Alisimulia mwenyewe ukubwani: mapunye yakampata, akahamishiwa chumba cha wagonjwa, kichwa kikanyolewa kipara, kikapakwa iodini, kikafungwa kitambaa. Aliona aibu hata kuchungulia dirishani, maana alijua wavulana wa chini uwanjani walivyowadharau wenye mapunye. Kisha mama yake akaja kumtembelea. Mtoto akatamani ardhi ipasuke. Mama akacheka, akamkumbatia, akambusu na kipara chake chenye dawa.

Nami nilisoma bweni, miaka mingi iliyopita, na nakumbuka karai moja la kunawia na wembe mmoja uliopita vichwani mwetu sote Jumamosi. Mapunye yalinikaa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo nikisoma habari ya yule mtoto kukwepa dirisha, sihitaji kufikiri sana.

Sasa tufike Tooting, kusini mwa London, na hapa naomba usome taratibu. Hii haikuwa shule ya serikali. Ilikuwa ya mtu binafsi, jina lake Drouet, aliyepokea watoto wa mafukara kutoka parokia mbalimbali kwa shilingi 4 na peni 6 kwa wiki kila mmoja. Alikuwa nao wapatao 1,400. Mwishoni mwa Desemba 1848 kipindupindu kikaingia. Katika wiki chache walikufa watoto zaidi ya 150. Walilazwa watatu na wanne kitanda kimoja, na wauguzi walikuwa haba.

Halmashauri ya Holborn iliwaondoa watoto wake ikawapeleka hospitali ya Royal Free, na baadhi yao wakafia huko. Hilo ndilo lililofungua kesi, kwa sababu maiti walikuwa wamevuka mpaka wa eneo. Msimamizi wa uchunguzi wa vifo wa kule Tooting hakuwa amefungua uchunguzi wowote. Wa upande wa hospitali alikuwa Thomas Wakley, daktari na mwanzilishi wa jarida la The Lancet, mtu asiyenyamazishwa. Mbele yake mashahidi walieleza watoto waliokonda, wenye upele, waliolala kwenye vyumba vilivyojaa pomoni. Baraza la raia lililoketi na Wakley likatoa uamuzi kwamba Drouet aliua bila kukusudia. Aprili 1849 mahakama kuu ya jinai ikamwachia, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba mtoto ambaye kesi ilihusu kifo chake angepona kipindupindu hata kama angelishwa vizuri.

Lakini kuna sehemu ya ushahidi ule ambayo ningependa uibebe kila unapokwenda kukagua. Miezi kadhaa kabla ya kipindupindu, wajumbe wa Holborn walikuwa wametembelea Tooting. Wakawauliza wavulana, wakiwa wamejipanga mezani, kama wana malalamiko. Baadhi wakainua mikono. Drouet alikuwa amesimama hapo hapo. Akawaka, akawaita waongo, akataka wachapwe. Wageni wakaondoka. Watoto wakabaki naye.

Walipewa nafasi ya kusema, wakaitumia, na haikuwasaidia kitu kwa sababu waliulizwa mbele ya mtu aliyeshika ufunguo.

Baada ya Tooting mtindo wa kukodisha watoto kwa mtu binafsi ulipungua sana, na shule kubwa za wilaya, Hanwell ikiwa mojawapo, zikajengwa kuwa ndiyo dawa yake. Unaona jinsi balaa moja lilivyozaa lingine: walikimbia tamaa ya mtu mmoja wakaingia kwenye msongamano wa watoto mamia kwa mamia chini ya paa moja.

Upande wa shule zenye cheti, kisa kinacholingana na hicho ni cha mwaka 1881, shule ya St Paul's, Burdett Road, mashariki mwa London. Mtu aliyeisimamia, Thomas Scrutton, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule za kazi kwenye Bodi ya Shule ya London, yaani bodi iliyopeleka watoto kwenye shule kama yake na kulipia. Mkaguzi na mkaguliwa ni mtu mmoja. Wavulana walipunjwa chakula, walichapwa, walifungwa pingu. Wakajaribu kuichoma moto shule. Watu wa kawaida wangesema: si mnaona, watoto wahalifu hao? Ila kwenye bodi walikuwepo wanawake wawili waliochaguliwa mwaka 1876, Elizabeth Surr na Helen Taylor, nao wakauliza swali lingine: mtoto anayechoma moto kitanda chake mwenyewe amefikishwa wapi?

Surr alikwenda, akaona, akasema mbele ya bodi. Wenzake wengi walimkasirikia yeye kuliko walivyoikasirikia shule. Waziri wa mambo ya ndani, William Harcourt, akaagiza uchunguzi, na shule ikafungwa. Taylor aliendelea kusema maneno makali, akamtuhumu Scrutton kusababisha vifo vya watoto. Scrutton akamshtaki kwa kumkashifu, na mwaka 1882 kesi ikaisha kwa Taylor kulipa pauni 1,000. Kwa hiyo kisheria mwanamke aliyepiga kelele ndiye aliyelipa. Shule ikabaki imefungwa hata hivyo, na mwaka huo huo ikaundwa tume ya kifalme chini ya Lord Aberdare kuchunguza shule zote za aina hiyo.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kisa kinachouthibitisha msemo huo kuliko cha Burdett Road. Mganga wa shule alikuwa akija na wakaguzi wa serikali walikuwa wakija. Ila hao walitarajiwa, siku zao zilijulikana. Aliyewaponya watoto ni mgeni asiyetarajiwa ambaye hakuwa na sahani mezani pa mwenyeji.

Kuhusu kazi nitasema machache. Wavulana wa mjini mara nyingi walipasua kuni za kuuza na kutengeneza mifuko ya karatasi, kazi zisizomfundisha mtoto ufundi wowote wa kuishi nao, na kamati ya serikali ya mwaka 1896 ilizilaumu kwa hilo hilo. Wasichana waliwekwa kwenye kufua, kwa sababu nguo za wateja zililipa. Kufua kwa namna ile ni kusimama kwenye sakafu yenye maji kwa saa nyingi, mikono kwenye maji ya moto na sabuni kali, kisha kutoka nje kwenye baridi kuanika. Vidole vilivimba na kupasuka. Wengine, wavulana, waliwekwa kwenye meli kuukuu zilizotiwa nanga, kama Mars kule Dundee na Formidable karibu na Bristol, kujifunza ubaharia, na unyevu wa meli kuukuu wakati wa baridi kila mtu anaweza kuukisia.

Ningekudanganya nikikuambia hakuna waliojaribu kurekebisha. Mary Carpenter wa Bristol, ambaye alipigania watoto hawa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1850, alisisitiza kwamba mtoto anahitaji nyumba inayofanana na ya familia, si kambi. Sheria ya elimu ya mwaka 1876 iliruhusu shule za kazi za kutwa, na Liverpool na Glasgow zikazitumia: mtoto anakuja asubuhi, anakula, anasoma, anafanya kazi, jioni anarudi kwao. Yaani, baada ya zaidi ya miaka thelathini, walirudi kwenye sufuria ya Watson. Hazikuwahi kuwa nyingi kama za bweni. Ireland ndiyo kabisa, ilishikilia bweni. Mwishoni mwa karne ilikuwa na shule 71 zenye watoto wapatao 8,000, wengi wao wasichana, nyingi zikiwa chini ya watawa.

Na jina lile lilisafiri. Canada ilifungua shule zake za kazi kwa watoto wa wenyeji wa asili, Battleford mwaka 1883, Qu'Appelle mwaka 1884, mbali na kwao kwa makusudi. Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, alikusanya taarifa za shule za watoto hao katika eneo la magharibi: kati ya wanafunzi 1,537 walioripotiwa, karibu robo walikuwa wameshakufa, kifua kikuu kikiongoza. Madirisha ya mabweni yalifungwa kipindi chote cha baridi ili kubana kuni. Bryce alifanya jambo ambalo wakaguzi wa Uingereza hawakulifanya vya kutosha: aliuliza habari za waliokwisha kutoka. Mapendekezo yake yakawekwa kando.

Kwetu uhusiano ni wa moja kwa moja, mwezeshaji wako hakukosea. Mwaka 1933 Waingereza waliunganisha shule za kazi na shule za wahalifu watoto chini ya jina jipya, shule zilizoidhinishwa, na jina hilo ndilo walilolileta kwenye makoloni yao. Irambo kule Mbeya na Kabete kule Kenya zimewahi kulibeba jina hilo.

Basi nikujibu la mwisho, la ukaguzi wako. Sitakupa orodha ndefu, unazo fomu za kutosha. Nakupa mambo matatu niliyoyapata kwa watoto hawa waliokwisha kufa.

Ukifika makao, kabla hujapelekwa ofisini kusaini kitabu cha wageni, omba kwenda bafuni. Hesabu mataulo, au kanga, au vitambaa, chochote wanachojifutia uso, kisha hesabu vitanda. Kama mataulo ni machache kuliko vitanda, unajua unachokwenda kukikuta machoni na kichwani. Siku hizi kuna azithromaisini ya kutibu vikope na dawa za mapunye, mambo si kama ya Hanwell, lakini dawa ikitolewa na taulo likabaki lile lile, mwezi ujao utaitoa tena.

Usiwaulize watoto wakiwa wamejipanga. Kaa nao wanapofanya kazi, wanapochambua maharage au wanapoosha vyombo, na mlezi awe mahali pengine kwa sababu yoyote utakayoibuni. Usiulize kama wana malalamiko. Uliza jana walikula nini, nani alilala na nani, nani anaumwa. Na kama mtoto amekuambia jambo zito, usiondoke bila kujua atalala wapi usiku ule, maana wale wajumbe wa Holborn waliondoka.

La tatu liko kwenye daftari la kuingia na kutoka. Mkuu wa makao atakuonyesha kwa furaha kwamba hakuna kifo. Wewe fungua ukurasa wa waliotoka, utafute walioandikwa "amerudishwa nyumbani, ugonjwa". Chukua majina, chukua vijiji, ukawatafute.